Kasumba ya Kutoka Mbali

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Kariakoo kununua vitunguu saumu. Muuzaji ninayemwendea siku zote ni ndugu mmoja niliyesoma naye shule ya msingi, mwenyeji wa Mbulu, ambaye huletewa mzigo wake kutoka huko huko kwao na kuuuza katika mtaa mmoja wa pembeni mwa Soko Kuu. Kabla hajanipimia alitoa daftari la mwanawe wa darasa la tano, akanionyesha zoezi la historia. Watoto walikuwa wametakiwa waandike asili ya makabila ya wazazi wao. Mtoto yule aliandika kama alivyosikia kwa babu yake, kwamba wao ni Wairaqw, na kwamba wazee wao walitoka Irqwa Da'aw, katika milima ya Mbulu. Mwalimu alikuwa amepitisha mkasi wa wino mwekundu juu ya jibu hilo, na pembeni ameandika neno moja tu: Iraki.

"Kaka, wewe ndiye mwandishi," akaniambia. "Hebu sema. Aliyekosa hapa ni nani, mtoto au mwalimu?"

Nilimjibu pale pale kwamba aliyekosa ni mwalimu. Lakini nilipokuwa naondoka niliona kuwa jibu la kusimama barabarani, na mfuko wa vitunguu mkononi, halitoshi. Mwalimu yule hakulitunga jambo lile mwenyewe. Alilipata mahali, yumkini kwa mwalimu wake, na analitoa kwa nia njema kabisa. Wako watu wengi wanaoamini vivyo hivyo, wakiwemo maofisa wenye shahada zao. Hao ndio ninaotaka kuzungumza nao leo.

Sina budi kukiri kwanza kwamba mimi mwenyewe sina mikono safi. Mwaka 2003, majeshi ya Marekani na Uingereza yalipoivamia Iraki, mimi na ndugu yule tulikuwa darasa moja. Asubuhi moja mwalimu wetu aliingia darasani akatangaza kwa mzaha kwamba nchi ya mwenzetu inapigwa mabomu. Tangu siku hiyo hadi tunamaliza shule, mtoto yule wa Mbulu aliitwa Saddam. Tulimwambia arudi kwao akapigane. Sote tulicheka, nami nilicheka. Miaka zaidi ya 20 imepita, na wapo wateja wake hapa Kariakoo wanaomwita Mwarabu. Anasema siku hizi anawaachia, maana mteja aliyekwisha kucheka hununua. Lakini mkasi ule katika daftari la mwanawe haukumchekesha.

Ndugu msomaji, ukitaka kuona jinsi kasumba hii ilivyoenea, kaa jioni moja kwenye baraza lolote la kahawa kati ya Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Lumumba. Nilifanya hivyo siku ile ile. Nilipoliweka suala la daftari mbele ya wazee na vijana waliokuwepo, kila mmoja alikuwa na asili ya kumgawia jirani yake. Wairaqw wametoka Iraki, hilo halikuwa na mjadala. Wamasai ni askari wa Kirumi waliopotea njia, ushahidi ni lile vazi jekundu la kufunga begani na lile sime fupi. Mwingine akapinga: la, Wamasai ni kabila mojawapo la Israeli. Bwana mmoja, mtu wa makamo aliyetumikia serikali hadi kustaafu kwake, akasema kuwa ukoo wake ulishuka kwa meli kutoka Shiraz, na kwamba watu wa pwani kwa jumla si watu wa hapa. Nilingoja nisikie japo kabila moja lililotoka Singida, au Dodoma, au bonde la mto Malagarasi. Halikutajwa. Asili zote zilizogawiwa jioni ile, pamoja na kashata, zilikuwa ng'ambo ya bahari.

Tuyachunguze basi madai hayo, moja baada ya jingine, kwa kipimo ambacho mwalimu yeyote angekitumia kusahihisha hesabu.

Dai la Iraki lina mguu mmoja tu wa kusimamia, nao ni jina. Iraqw na Iraki yanafanana masikioni. Naam, yanafanana. Mji mkuu wa Peru unaitwa Lima, lakini sijapata kusikia mtu akidai kuwa uliasisiwa na wakulima wa Morogoro. Kusini mwa Italia uko mji wa Bari, na Sudan Kusini liko kabila la Wabari. Hakuna aliyewapandisha Wabari meli. Sauti anazoweza kutamka mwanadamu ni chache, na majina yaliyoko duniani ni mengi mno, kwa hiyo hayana budi kugongana. Isitoshe, majina ya makabila yetu mengi hayakuanza kama majina ya makabila hata kidogo. Neno "sukuma" kwa wenyewe maana yake ni kaskazini. Wasukuma ni watu wa kaskazini kwa yule aliyesimama kusini mwao, kama vile Wadakama walivyokuwa watu wa kusini. Jina la Wanyamwezi walipewa na watu wa pwani. Anayejenga historia ya watu juu ya jina lao peke yake anajenga juu ya kelele za jirani.

Lugha ni ushahidi ulio imara zaidi kuliko jina, ingawa nao una mitego yake. Mwairaqw akihesabu moja hadi tano husema wak, tsar, tam, tsiyahh, koo'an. Mwarabu husema wahid, ithnan, thalatha, arba'a, khamsa. Mtetezi wa Iraki atarukia moja: wak na wahid! Lakini itakuwaje kwa mbili, tatu, nne na tano? Wala tusisahau kwamba sisi Waswahili tunasema sita, saba na tisa, maneno ya Kiarabu dhahiri, na bado Kiswahili ni lugha ya Kibantu tangu unyayo hadi utosi, kwa sababu lugha haipimwi kwa neno moja lililookotwa. Hupimwa kwa maneno yake ya msingi na kwa jinsi sentensi inavyoungwa. Kwa kipimo hicho wataalamu wameiweka Kiiraqw katika kundi la lugha za Kikushi, pamoja na jirani zake Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge. Ndugu zake wa mbali zaidi wako Ethiopia na Somalia. Kiarabu, kwa hakika, kina undugu wa mbali sana na lugha hizo za Kikushi, undugu wa maelfu mengi ya miaka, lakini wataalamu walio wengi huliweka chimbuko la ukoo huo wote upande huu wa kaskazini mashariki ya Afrika.

Hapa msomaji makini ataniuliza juu ya vinasaba, na ana haki. Katika mkoa wa Manyara, mahali paitwapo Luxmanda, palifukuliwa mabaki ya mtu aliyezikwa yapata miaka 3,100 iliyopita, katika makazi ya wafugaji wa kale. Matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vyake yalitangazwa mwaka 2017. Yalionyesha kuwa kiasi cha asilimia 38 ya asili yake inahusiana na wakulima wa kale wa nchi za Shamu, na sehemu iliyobaki ni ya Kiafrika. Nimekwisha kuwasikia watu wakiupokea uchunguzi huo kwa vigelegele: si mnaona, wametoka Uarabuni! La hasha. Shamu si Iraki. Miaka 3,100 ni zaidi ya miaka 1,600 kabla ya kuzaliwa Mtume Muhammad, na hakuna Mwarabu wa Baghdad aliyehusika, maana Baghdad yenyewe iliasisiwa mwaka 762. Damu hiyo ilichanganyika na kusafiri polepole, vizazi kwa vizazi, kupitia kaskazini mashariki ya Afrika, na sehemu yake imo katika watu wengi wa Afrika Mashariki ambao hakuna anayewaita Waarabu. Kama hiyo ndiyo sababu ya kumwambia mtoto arudi Iraki, basi tutajaza ndege nyingi.

Tena, wazee wa Kiiraqw hawakukaa kimya wakingoja waambiwe. Masimulizi yao hutaja mahali kwa mahali, na mahali penyewe pako katika ramani ya Tanzania. Mtaalamu Robert Thornton, ambaye kitabu chake juu ya Wairaqw kilitolewa mwaka 1980, ameeleza jinsi watu hao walivyoenea kutoka kiini kimoja, yaani Irqwa Da'aw, na kuzijaza nchi za jirani. Ndivyo alivyoandika mtoto wa darasa la tano.

Nije kwa Wamasai, ambapo sitakawia. Dai la Israeli lina mwenyewe na lina mwaka: aliyelitia katika kitabu ni afisa wa jeshi la Kijerumani, Moritz Merker, aliyekuwa na makao yake Moshi, mwaka 1904. Alisikiliza hadithi za Wamasai, akasikia ndani yake mwangwi wa Biblia, na hakujisumbua vya kutosha kujiuliza kama huo mwangwi ulitoka kwa wasimulizi au kwa msikilizaji. Dai la Warumi ni jepesi zaidi. Vazi jekundu la pamba linaloitwa ushahidi wa Roma limeenea Umasaini katika karne ya 20, kwa njia ya maduka. Picha zilizopigwa mwanzoni mwa karne hiyo zinawaonyesha Wamasai wakiwa wamevaa ngozi. Je, hao Warumi walizificha shuka zao kwa karne kumi na tano wakingoja Wahindi wafungue maduka? Lugha ya Kimasai, kwa upande wake, ni ndugu wa Kiturkana, Kiteso, na hicho Kibari nilichokitaja, ambacho hakina habari na Italia.

Suala la Washirazi ni jambo zito zaidi, na sitaki kulipitia juu juu, kwanza kwa sababu lina ukweli ndani yake, na pili kwa sababu linagusa nyumba yetu wenyewe. Jina hilo lilikuwemo katika Afro-Shirazi Party, chama kilichoundwa mwaka 1957 na kuungana na TANU tarehe 5 Februari, 1977. Anayelidharau jina hilo analidharau jambo ambalo watu wa Unguja na Pemba walilipa maana yao wenyewe, maana ya wenyeji wa visiwa.

Tarikh ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1552, inasimulia habari za meli saba, na za Ali bin al-Hasan aliyekinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo. Wakoloni waliipenda hadithi hii kupita kiasi. Waliona majumba ya mawe, misikiti na sarafu, wakakata shauri kuwa Mwafrika hakuwa na akili ya kuyajenga. Kwa hiyo Mwajemi aliyajenga, na Mwafrika alimbebea mawe. Baadaye akaja jembe la mchimbuaji. Neville Chittick alifukua Kilwa katika miaka ya 1960 na akakuta kwamba chini ya mji wa mawe kulikuwa na kijiji kilichotangulia, cha wavuvi, wafinyanzi na wafua chuma. Mark Horton alifukua Shanga, katika kisiwa cha Pate, akaona msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8 katikati ya makazi ya watu wa hapa hapa, na juu yake misikiti mingine ikajengwa, hadi ya mawe. Wataalamu wa lugha wakathibitisha kuwa Kiswahili ni mtoto wa ukoo mmoja na Kimijikenda na Kipokomo. Kufikia miaka ya 1980 wasomi wengi walikuwa wamekwisha kuitupa hadithi ya Shiraz kapuni, wakisema ni ndoto ya watu waliotaka ukubwa.

Nami nilipokuwa chuo kikuu nilifundishwa hivyo, nikaandika hivyo katika mtihani, nikapata alama nzuri. Ilinipasa kujifunza upya. Mwezi Machi mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara, kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wa watu hao wa pwani zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na hiyo hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu kubwa ya asili iliyobaki ilitoka Asia, na humo, baina ya asilimia 80 na 90 ilitokana na wanaume wa Kiajemi. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Damu ya Kiarabu iliongezeka baada ya mwaka 1500.

Basi wazee hawakuwa waongo. Waajemi walikuja, na Ali bin al-Hasan si jini wa hadithini, maana sarafu zenye jina lake zimeokotwa Kilwa. Wasomi walioicheka tarikh walicheka upesi mno. Lakini soma vizuri uone uchunguzi huo haukusema nini. Haukusema kwamba Waajemi walikuta pwani tupu, wala kwamba walileta mji kamili ndani ya meli kama mtu aletavyo kabati. Walioa katika jamii iliyokuwepo. Watoto wao walilelewa na mama zao na kusema lugha ya mama zao, ndiyo maana leo hatuandiki gazeti hili kwa Kiajemi. Tena wengi wa waliopimwa ni wale waliozikwa jirani na misikiti, makaburi ya wenye nafasi. Mvuvi na mpagazi hawakuzikwa hapo, na damu yao haikupimwa. Bwana yule wa barazani anaweza kuwa na babu mmoja wa Shiraz. Hesabu za vizazi ni za kikatili: mtu ana mababu na mabibi zaidi ya elfu moja katika kizazi cha kumi. Kwa nini amchague mmoja mwenye meli na kuwanyamazia wengine wote?

Hilo ndilo swali langu kwa baraza zima. Kwa nini kila mara tunamchagua yule wa mbali?

Jibu halihitaji kutafutwa mbinguni. Tulifundishwa. Mwaka 1863 Speke, aliyekuwa akitafuta mto Nile, alichapisha kitabu ambamo alidai kuwa watawala wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa jamii nyingine ya wafugaji walioshuka kutoka Uhabeshi, na wakulima ni watu wa chini waliotawaliwa. Hakuwa na ushahidi wa maana ila macho yake na kiburi cha wakati wake. Nadharia hiyo ikapewa jina la Wahamiti, ikaingia katika vitabu vya wasomi kama Seligman mwaka 1930, kisha katika vitabu vya shule za misheni. Kanuni yake ilikuwa rahisi: likionekana jambo lolote la akili katika Afrika, awe ni mfalme, mfereji au ukuta, mtafutie mgeni. Huko Rhodesia, serikali ya walowezi ilichukia hadharani kuambiwa kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na Waafrika, ingawa Gertrude Caton-Thompson alikwisha kuthibitisha hivyo mwaka 1929. Hapa kwetu, chini ya miteremko ya Bonde la Ufa, kuna Engaruka, mashamba ya mawe na mifereji ya kumwagilia yenye ukubwa wa hekta zipatazo 2,000, yaliyolimwa tangu karibu na karne ya 15 hadi ya 18. Hayo nayo yalitafutiwa wageni wa kila namna kabla ya watu kukubali kwamba wakulima wa hapa wanaweza kuchimba mfereji. Walimu wa Arusha na Manyara, wapelekeni watoto wakauone.

Mkoloni hakuifundisha nadharia hiyo kwa ajili ya kupamba vitabu. Asili ilikuwa na bei. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Unguja na hapa Dar es Salaam, mgao wa chakula ulipangwa kwa rangi na kabila la mtu: wengine wa mchele, wengine wa unga wa mahindi. Babu wa kutoka mbali alikuwa na thamani ya kilo kadhaa za mchele. Sishangai kwamba watu walimkumbuka.

Lakini yako mambo mabaya kuliko mchele. Huko Rwanda, Wabelgiji waliichukua nadharia ile ile ya Speke, wakaipiga chapa katika vitambulisho vya watu kuanzia miaka ya 1930. Mwanzoni, kuambiwa umetoka Uhabeshi kulikuwa ni sifa. Mtutsi alipewa nafasi ya shule na cheo kwa sababu yake. Kisha meza ikageuzwa. Tarehe 22 Novemba, 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano wa hadhara na kuwatishia Watutsi kwamba watarudishwa kwao Ethiopia kwa njia ya mkato, yaani mto Nyabarongo. Mwaka na nusu baadaye, maiti zilikuwa zikielea katika Nyabarongo na Kagera hadi Ziwa Victoria. Hatukusoma habari hizo magazetini tu. Maiti zilipita Rusumo, mpakani mwetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja lile na kuingia Ngara, na kesi za vinara wa mauaji hayo zikasikilizwa Arusha.

Najua nitaambiwa kwamba nimekuza mambo, kwamba baina ya utani wa Kariakoo na Nyabarongo kuna umbali mkubwa. Umbali upo, na namshukuru Mungu. Sisemi kuwa mwalimu wa mtoto yule ni mwuaji. Ninachosema ni kwamba neno "rudi kwenu" haliwezi kutamkwa mpaka kwanza mtu ameambiwa kwao ni kwingine, na kazi hiyo ya kwanza hufanywa kwa chaki, na watu wapole. Nchi hii ilijihadhari mapema. Tangu sensa ya mwaka 1967 hatujamwuliza mwananchi kabila lake katika hesabu ya watu. Maofisa wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba fomu hiyo haikuachwa wazi kwa kusahau. Inakuwaje basi swali ambalo serikali imekataa kuliuliza lije kujibiwa na mwalimu kwa wino mwekundu?

Wako pia wanaokwepa kosa moja na kutumbukia katika lingine. Baada ya kuchoshwa na babu wa Shiraz, wanasema kwamba binadamu wote wametoka Tanzania, na fuvu liko Makumbusho ya Taifa. Nami napenda Makumbusho, na ningependa kila mtumishi wa mjini aende japo mara moja. Lakini tuseme kweli. Fuvu lile la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey tarehe 17 Julai, 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75, na wataalamu wanakubaliana kuwa si la babu yetu. Ni tawi la pembeni lililokatika bila kuacha uzao. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa mwaka 1978, ni za kale zaidi na za ajabu zaidi, lakini Ethiopia na Kenya nazo zina mifupa yao. Na mabaki ya watu wa jamii yetu hasa ambayo ni ya kale kuliko yote yanayojulikana, ya miaka yapata 300,000, yametoka Jebel Irhoud, Morocco. Hayo yalitangazwa mwaka 2017. Afrika ndiyo chimbuko, hilo halina ubishi. Kuweka bendera juu ya shimo moja ni kazi ya wapiga debe wa utalii. (Hata jina Olduvai limetokana na sikio baya la Mjerumani, Wamasai wanasema Oldupai, ambalo ni jina la mkonge wa porini.) Hata wasomi wakubwa huteleza: Hans Reck alipata kiunzi cha mtu huko huko Oldupai mwaka 1913 akadai ni cha kale kama mwamba uliokizunguka, na Leakey mwenyewe akamwunga mkono, hadi ilipodhihirika kuwa ni mtu wa zama za baadaye sana aliyezikwa humo. Waliambiwa, wakakubali. Ndiyo tofauti baina ya elimu na porojo.

Narudi Kariakoo, maana huko ndiko nilikonunua vitunguu. Jina hili lina asili inayojulikana kwa hakika. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo la soko lilifanywa kambi ya kikosi cha wapagazi walichokiita Carrier Corps, na vinywa vya watu wa mjini vikalifanya Kariakoo. Wapagazi hao walikuwa Waafrika waliokokotwa kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, mamia ya maelfu, kubebea vita vya watu wengine, na makumi ya maelfu yao waliangamia kwa njaa, kuhara na malaria. Ile sanamu ya mwaka 1927 katika Barabara ya Samora ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini tu. Katika baraza lile la kahawa niliwauliza wale wajuzi wa Roma na Shiraz ni nani kati yao aliye na babu aliyebeba mzigo katika Kariakoo. Palikuwa kimya. Kisha yule bwana wa Shiraz akasema, kwa sauti ya chini, "Baba wa mama yangu, mwanangu. Mmanyema. Alirudi na mguu mmoja."

Hakuwa amemtaja jioni nzima.

Sasa namgeukia mwalimu wa mtoto yule, ambaye simjui jina wala sitaki kulijua. Mwalimu, zoezi lako lilikuwa zuri. Kosa ni kuwa ulikuwa na jibu kabla watoto hawajajibu. Lirudie. Waambie kila mmoja aulize nyumbani mahali alipozaliwa bibi, na mahali alipozaliwa mama wa bibi, kisha mchore ramani ukutani na kuweka alama. Atakayeleta Shiraz, mwulize anajuaje. Atakayeleta Mbulu, mwulize vilevile. Na kama hujui, sema hujui. Watoto hawatakula mtu kwa hilo.

Zoezi lile lilikuwa na alama kumi, na mtoto wa muuza vitunguu alipewa sita. Kwa hesabu yangu anadai nne.